Mpishi wa Fasika haonji: Pasaka ya Kiethiopia kwenye jiko la Mtwara

Anza na kalenda. Shughuli nyingi huharibikia hapo, kabla hata kitunguu cha kwanza hakijamenywa. Fasika ni Pasaka ya Kanisa la Kiorthodoksi la Tewahedo la Ethiopia, na mara nyingi haiangukii Jumapili ile inayosherehekewa Ndanda, Masasi au Lindi, kwa kuwa wenzetu hufuata hesabu ya kale ya Aleksandria. Mwaka 2025 sikukuu mbili hizi zilikutana, tarehe 20 Aprili. Mwaka 2026 Pasaka ya huku ni 5 Aprili na Fasika ni 12 Aprili. Mwaka 2027 zinaachana kwa wiki tano nzima, 28 Machi na 2 Mei, halafu 2028 zinakutana tena tarehe 16 Aprili. Ukimwuliza Mwethiopia usishangae akikutajia mwezi wa Miyazya, mwaka 2018, wakati wewe uko 2026. Kalenda yao iko nyuma ya hii kwa miaka saba au minane, kutegemea mwezi. Mwombe akupe tarehe ya kalenda ya huku, uiandike ukutani.

Saa hazitakusumbua hata kidogo. Waethiopia huhesabu saa kama Waswahili: jua likichomoza ni saa 12, na saa moja baadaye ni saa 1. Wakikwambia mfungo unafunguliwa saa 9 usiku, ni saa 9 ile ile ya wanaoamka kula daku.

Mfungo wenyewe huitwa Hudadi, nao ni wa siku 55. Nyama, maziwa, siagi, samli na mayai vyote vimekatazwa, na wengi hawatii kitu kinywani mpaka alasiri. Kuhusu samaki wapo wanaomla na wapo wanaomwacha kabisa, kwa hiyo mgeni wako akija wiki za mfungo usimwekee changu mezani ukidhani umemsitiri. Muulize kwanza.

Sasa chakula cha Fasika hupikwa Jumamosi, na Jumamosi mpishi bado amefunga. Halambi mwiko wala haonji chumvi. Sufuria la kuku na samli linachemka mbele yake mchana kutwa, naye anategemea kipimo, pua na sauti ya vitunguu. Ndiyo maana vipimo vilivyomo humu ni vya kufuatwa hasa, hata na mpishi ambaye hakufunga. Vinatosha watu 8 hadi 10.

Jumapili ya matawi mpaka Alhamisi

Wiki ya mwisho inaanza na Hosanna, Jumapili ya matawi. Watu husuka makuti mabichi kuwa pete, misalaba midogo na vilemba vyembamba vya kufunga kichwani. Kwa Mtwara hilo halihitaji maelezo: chukua makuti machanga ya ndani, yale ya rangi ya maziwa, kwa sababu yaliyokomaa hukatika yakikunjwa. Kuanzia Jumatatu ni Himamat, wiki ya mateso. Katika siku hizo hawasalimiani kwa kubusiana wala kupeana mikono, kwa kukumbuka busu la Yuda. Mgeni akiinamisha kichwa badala ya kukupa mkono, hajakununia.

Manunuzi ya viungo yafanye Jumatatu, maana kuna mawili ya kutengeneza mapema: berbere na samli ya viungo.

Berbere ni unga mwekundu unaobeba mapishi yote ya Kiethiopia. Pilipili yao ni kubwa, nyekundu iliyoiva, na haiwashi sana. Ukichukua pilipili kichaa za sokoni ukazisaga kwa kipimo chao, hakuna atakayemaliza tonge la pili. Tumia gramu 100 za pilipili ndefu nyekundu zilizokauka, toa mbegu zote, uzichanganye na gramu 100 za paprika ya unga, ambayo inaleta rangi na mwili bila moto. Usijaribu kukausha hoho mwenyewe mwezi wa Aprili. Masika bado yapo, na hoho huota ukungu siku ya pili. Viungo vya kuongeza ni mbegu za giligilani vijiko viwili vya chai, uwatu kijiko kimoja, binzari nyembamba kimoja, pilipili manga kimoja, punje za iliki kimoja, karafuu 6, mdalasini kipande cha sentimita 3, na tangawizi ya unga vijiko viwili. Vile vizima kaanga pakavu kwa moto mdogo dakika 3, ila uwatu utie dakika ya mwisho. Uwatu ukiungua unakuwa mchungu, na uchungu huo hautoki tena. Saga, chekecha, weka kwenye chupa kavu.

Samli ya viungo huitwa niter kibbeh. Chukua gramu 500 za samli ya ng'ombe au siagi isiyo na chumvi. Soma kopo vizuri, kwani baadhi ya kinachouzwa kwa jina la samli ni mafuta ya mimea yaliyogandishwa, nayo hayatatoa harufu inayotakiwa. Yeyusha kwa moto wa chini kabisa pamoja na kitunguu kimoja kidogo kilichokatwa, punje 4 za kitunguu saumu, tangawizi kiasi cha sentimita 2, iliki 6 zilizopondwa, nusu kijiko cha chai cha manjano, nusu kijiko cha uwatu, na kishada cha mrehani. Ethiopia wana mrehani wao waitao besobela; huu wa kwetu wa uani unafaa. Acha vichemke polepole dakika 30 hadi 40, mpaka kitunguu kiwe rangi ya dhahabu na povu jeupe liishe. Chuja kwa kitambaa. Povu likibaki, samli itachacha haraka kwa joto la pwani.

Alhamisi familia nyingi hupika gulban: kunde au maharage yaliyotolewa maganda, yakachemshwa pamoja na ngano nzima au mchele, chumvi tu na kitunguu. Ni chakula cha mfungo, hakina mbwembwe.

Injera ya mtama

Hapa ndipo pa kukaa, kwa kuwa Fasika bila injera ni kuku wa kawaida tu. Injera ni mkate mpana, laini, mchachu kidogo, uliojaa vitundu upande wa juu. Unga wake wa asili ni wa tefu, nafaka ndogo kuliko ulezi. Tefu huipati Mtwara, lakini si lazima: sehemu za Ethiopia zenye joto hula injera ya mtama tangu zamani. Tafuta mtama mweupe. Mwekundu una ukakasi, na ukichachuka ukakasi unazidi. Usagishwe laini kabisa, urudi mashineni mara mbili, kwani chenga hufanya injera ipasuke ikikunjwa.

Unahitaji kilo 1.5 ya unga wa mtama na gramu 500 za unga wa ngano. Ngano inasaidia mkate unyumbuke. Mtama peke yake huvunjika, hasa mikononi mwa anayejifunza.

*Jumanne jioni*, chachu. Koroga kikombe kimoja cha unga wa mtama na kikombe kimoja na nusu cha maji yaliyochemshwa yakapoa. Funika kwa kitambaa, si kwa mfuniko wa kubana. Addis Ababa iko juu ya mita 2,300 na kuna baridi, kwa hiyo huko chachu huchukua siku tatu, nne. Mtwara Mjini na Lindi siku mbili zinatosha. Newala, juu kwenye uwanda wa Makonde, ongeza nusu siku. Aliyewahi kutengeneza togwa anaijua harufu inayotakiwa: uchachu safi, wa kupendeza puani. Ikinuka kama kitu kilichooza, au ikiota ukungu wa rangi, mwaga uanze upya, na ndiyo sababu ya kuanza Jumanne na si Alhamisi.

*Alhamisi jioni*, unga wote. Changanya unga uliobaki na chachu yako na maji vuguvugu lita 2.8 kwenye ndoo safi ya lita 10. Ndoo iliyowahi kubeba sabuni au samaki haifai hata ikisuguliwa. Kanda kwa mkono mpaka mabonge yaishe. Rojo liwe zito kama la vitumbua. Funika, uliache saa 36 bila kulikoroga.

*Jumamosi asubuhi* utakuta maji ya manjano yamepanda juu. Hayo huitwa irsho. Yamimine taratibu, ila hifadhi kikombe kimoja. Ndicho chachu ya safari nyingine. Halafu inakuja hatua ambayo wengi huiruka, kisha wakalaumu mtama. Chemsha lita moja ya maji, mimina humo vikombe viwili vya rojo huku ukikoroga kwa nguvu, uendelee dakika 5 mpaka upate uji mzito unaong'aa. Huu ni absit. Uache upoe mpaka kidole kivumilie bila shida, ndipo uurudishe kwenye ndoo. Ukiurudisha wa moto unaua chachu, na asubuhi nzima imekwenda bure. Usipoutia kabisa, injera itatoka ngumu yenye vitundu vichache. Baada ya saa moja hadi mbili rojo litaumuka na kutoa mapovu madogo madogo. Liongezee maji kidogo mpaka litiririke kutoka kwenye upawa kama uji wa mgonjwa.

Likikataa kuumuka na saa zinakwenda, robo kijiko cha chai cha hamira iliyoyeyushwa kwenye maji vuguvugu itaokoa jahazi ndani ya saa moja. Mkate wenyewe utakuwa na ladha nyepesi, lakini utakuwa mkate.

Ethiopia huoka juu ya mitad, bamba la udongo lenye upana wa nusu mita au zaidi. Chuma cha chapati cha sentimita 30 hadi 35 chenye mfuniko kinatosha, ila kiwe tambarare. Kilichobonyea katikati hukusanya rojo na kutoa mkate mbichi. Kipashe moto, kisugue kwa kitambaa chenye mafuta ya ufuta kidogo sana. Ufuta ni wa hapa hapa Lindi, na tone moja linatosha mikate mitatu. Mafuta yakizidi vitundu vinakufa.

Chukua kikombe kimoja cha rojo, mililita 250. Mimina kwa mzunguko kuanzia ukingoni kuja katikati, mkono usisite. Waliozoea chila au vibibi wataona undugu. Subiri bila kufunika mpaka uso wote ufumuke vitundu, sekunde 30 hadi 45. Waethiopia huviita macho. Sasa funika, dakika moja na nusu hadi mbili. Kingo zikijiinua zenyewe, imeiva. Haigeuzwi. Futa maji ya mvuke kwenye mfuniko kila mara, la sivyo yanadondoka na kuacha madoa ya utelezi.

Itelezeshe kwenye ungo. Wao wana sahani yao bapa ya kusukwa kwa kazi hii hii, na ungo wa kwetu unafanya kazi bila tofauti. Tandaza kila injera peke yake ipoe kabisa ndipo uzipange. Ukizipanga za moto zinashikana na kuwa kitu kimoja. Macho yasipotokea, moto ni mdogo au rojo ni zito. Yakitokea upande mmoja tu, mkaa haujasambaa. Chini ikiungua kabla juu haijaiva, ondoa mkaa robo. Unga huu hutoa injera kama 20. Mikate miwili ya kwanza itaharibika, na hilo limo kwenye hesabu hiyo.

Doro wat

Ni mchuzi mzito wa kuku na mayai, na ndio chakula kinachosubiriwa siku zote 55. Anza saa 8 mchana Jumamosi.

Kuku awe jogoo wa kienyeji wa kilo 1.5 hadi 2. Kuku wa kisasa hupasukapasuka kabla mchuzi haujakolea. Ukilazimika kumtumia, mtie dakika 40 tu za mwisho. Mkate vipande 12, idadi inayosemwa kuwa ya Mitume. Namna moja ya kuifikia ni hii: mapaja ya juu mawili, ya chini mawili, mabawa mawili, kidari vipande vitatu, mgongo viwili na shingo. Vua ngozi yote. Osha kwa limau na chumvi, maji baada ya maji, mpaka maji yatoke meupe kabisa. Mama wa Kiethiopia atakuhukumu kwa hatua hii kuliko kwa mchuzi.

Vitunguu vyekundu kilo 2. Ndiyo, uzito sawa na kuku au zaidi, kwani mchuzi huu hauna nyanya. Unene wote ni wa kitunguu. Vikate vidogo kabisa kwa kisu. Blenda huvifanya maji, na utakesha ukiyakausha. Viweke kwenye sufuria zito la chini nene, bila mafuta, juu ya moto wa wastani, ukoroge dakika 45 hadi 60. Vikianza kushika, tia vijiko viwili vya maji, si zaidi. Sufuria jepesi la bati halifai kwa kazi hii. (Gesi ya Mnazi Bay iko jirani, lakini majiko mengi bado ni ya mkaa, na mkaa wa masika una unyevu: uanike mapema.) Vitunguu viko tayari vikiwa rangi ya kahawia yenye wekundu, vimepungua chini ya nusu, na sauti yao imebadilika kutoka kutokota na kuwa ya kukaanga. Aliyefunga anaisikiliza hiyo. Ukiharakisha hapa, mchuzi utakuwa mtamu-mbichi na utaachana, maji juu na vitunguu chini.

Tia gramu 200 za samli ya viungo, kisha gramu 80 za berbere, yaani kama vijiko 10 vya chakula. Punguza moto. Koroga dakika 30, ukidondoshea maji ya moto kila unga unapokauka. Berbere iliyoungua inageuka nyeusi na chungu, wala sukari haiisitiri. Ikitokea hivyo, anza na vitunguu vingine. Dakika ya 20 ongeza vijiko viwili vya chakula vya kitunguu saumu kilichopondwa na kimoja cha tangawizi.

Sasa kuku, chumvi vijiko 4 vya chai vilivyosawazishwa, na lita moja ya maji ya moto ukiitia kwa awamu. Jogoo wa kienyeji atataka saa moja na nusu. Mwisho nyunyiza nusu kijiko cha chai cha iliki na nusu cha pilipili manga. Mchuzi ulioiva ni mzito kiasi cha kubaki juu ya injera bila kukimbia, na samli nyekundu inaelea. Chumvi ikiwa pungufu itaongezwa mezani. Ikizidi hakuna dawa, ndiyo maana kipimo kimewekwa upande wa chini.

Mayai 12 yachemshe dakika 10, yamenye, uyachanje mistari minne isiyo na kina ili rangi iingie. Yasiingie sufuriani jioni. Yatie wakati wa kupasha, dakika 10 kabla ya kula, maana yakikaa humo mpaka saa 9 usiku yanakuwa kama mpira.

Kutoka saa 12 jioni mpaka saa 9 usiku ni saa 9 za joto la pwani, na mchuzi wa kuku ukiachwa vuguvugu hivyo utaumiza watu. Uache juu ya makaa mafifu ukiwa wa moto muda wote na pawepo mtu wa kuuangalia. Kama hakuna, upoze haraka kwa kuuweka kwenye sufuria pana, uuhifadhi kwenye friji, kisha uuchemshe upya dakika 10 kamili.

Mkate wa habasoda

Difo dabo ni mkate mkubwa wa ngano uliofunikwa kwa majani, ukaokwa makaa juu na chini. Kwa anayeoka keki ya mkaa hakuna jipya. Kilo 1 ya unga wa ngano, hamira gramu 10, sukari vijiko viwili vya chakula, chumvi vijiko vitatu vya chai, habasoda kijiko kimoja cha chakula, maji vuguvugu mililita 620. Kanda dakika 15, acha uumuke saa moja na nusu. Majani yao ni ya enset, mmea unaofanana na mgomba. Ya mgomba yanafaa, ila yababue kwanza motoni yalegee, la sivyo yatapasuka. Tandika sufuria, weka donge, funika kwa majani, acha dakika 30, oka dakika 50. Makaa mengi juu, machache chini. Wanaoweka sawa sawa huunguza chini kila mwaka.

Ukipata mtindi lita 2, upashe moto mdogo bila kukoroga mpaka utengane, uchuje kwa kitambaa: hiyo ni ayib, jibini laini ya kupoza pilipili. Kunywa maji hakupozi kitu.

Usiku wenyewe

Jumamosi mapadri hugawa nyasi mbichi ndefu ziitwazo qetema, na waumini huzifunga kichwani kwa kukumbuka njiwa wa Nuhu na jani lake. Nyumbani nyasi hizo hizo hutandazwa sakafuni. Ukikata za bondeni, zikung'ute nje kwa ajili ya siafu na kupe. Kwenye sakafu ya saruji zinateleza, kwa hiyo acha njia wazi kwa wazee au tandika mkeka juu.

Watu wanakuwa kanisani tangu jioni, wamevaa nguo nyeupe za pamba, mishumaa mikononi. Padri hutamka kwa Kigeez, lugha ya kale ya kanisa lao, "Kristos tensea im mutan", Kristo amefufuka katika wafu, na watu huitikia kwamba ni kwa nguvu kuu na mamlaka. Wakirudi, salamu ni "Melkam Fasika". Tumbo lililokaa siku 55 bila nyama wala siagi halipigwi ghafla na samli. Wengi huanza na telba, kinywaji cha mbegu za kitani. Mbegu hizo zikikosekana, kikombe cha uji mwepesi usio na maziwa kinafanya kazi ya kulainisha. Ndipo mkubwa wa nyumba, au padri akiwepo, anauchora mkate kwa kisu ishara ya msalaba na kuukata.

Tandaza injera mbili kwenye sinia kubwa, mchuzi katikati, ayib pembeni. Hesabu yai na kipande cha kuku kwa kila mtu kabla ya kuita watu. Watu wanakula sinia moja, mkono wa kulia, wakimega injera na kuchotea. Mwenyeji atakunja tonge na kulitia kinywani mwako. Hiyo ni gursha, nayo haikataliwi wala haikomei kwenye tonge moja. Kinywaji cha kila mtu ni birz, asali iliyochanganywa na maji bila kuchachushwa: kikombe kimoja cha asali ya porini kwa vikombe vitano vya maji.

Kuhusu nyama mbichi, ambayo Waethiopia wengi huienzi siku hiyo: usiige. Nyama ya ng'ombe inaweza kubeba mabuu ya tegu, na hapa itakuwa imekaa juani. Kaanga vipande na kitunguu na samli ya viungo, nayo huitwa tibs, hakuna atakayelalamika.

Majirani

Hili mwongozo wa Addis Ababa hautakwambia. Mikindani, Kilwa au Lindi huwezi kupika kuku usiku wa sikukuu usipeleke sahani ng'ambo ya ua. Lakini Mwislamu hatakula kuku aliyechinjwa kwa desturi ya Kiorthodoksi, na Mkristo wa Tewahedo kwa desturi hali kilichochinjwa na Mwislamu. Kumwita jirani achinje, kama inavyofanyika kwenye harusi nyingi za huku, kutamfanya mgeni wako wa Kiethiopia abaki na mkate mtupu. Suluhisho ni masufuria mawili yasiyochangia mwiko: la kuku, na la kik alicha, mchuzi usio na berbere, wa mbaazi. Gramu 500 za mbaazi zilizoparazwa, vitunguu vitatu, manjano kijiko kimoja cha chai, kitunguu saumu, mafuta ya ufuta vijiko vitano, vikaiva dakika 40. Mbaazi za kusini zinaiva vizuri sana kwa namna hii. Mpelekee jirani na injera nne, umwambie waziwazi kilichomo.

Kahawa

Kahawa mbichi ya Mbinga, gramu 80. Ioshe, ikaange juu ya chuma huku ukitikisa mpaka iwe kahawia iliyokolea na ianze kung'aa mafuta. Chuma kikiwa bado kinafuka moshi, kipitishe mbele ya kila mtu aunuse. Kuruka hapo ni utovu wa adabu. Twanga kwenye kinu. Ubani kwenye chetezo, dirisha wazi. Chemsha kwenye birika lenye shingo nyembamba, lita moja na nusu, uache itulie dakika 4 machicha yashuke. Vikombe ni vidogo visivyo na mkono, vile vile vya muuza kahawa wa mtaani. Mizunguko ni mitatu juu ya kahawa ile ile, ikiongezwa maji: abol, tona, na wa tatu baraka. Usiage kabla ya baraka. Pembeni wao huweka bisi au shayiri ya kukaanga. Hapa weka korosho.

Injera zilizobaki zifunike kwa kawa, si kwa mfuko wa plastiki, maana zitatoa jasho na kuota ukungu kufikia Jumatatu. Zilizokauka kingo zichanechane, uzitie kwenye mchuzi uliobaki juu ya moto na maji kidogo, ugeuze dakika 3. Huitwa firfir, na ndiyo chai ya asubuhi ya Jumapili.